Kibla cha Nurdin

Mara ya tatu Hamisa alipofika kwenye gogo lile lile lililolala juu ya kijito, aliacha kujidanganya. Gogo lilikuwa na uyoga mweupe ubavuni, na kwenye tope la chini yake palikuwa na nyayo za raba zake mwenyewe, za kwenda na za kwenda tena. Ilikuwa saa nane mchana, Jumamosi. Ukungu ulishuka tangu saa nne asubuhi na haukuwa na haraka ya kuondoka. Hamisa, mkazi wa Tegeta, mwenye miaka hamsini na miwili na magoti yasiyopenda vilima, alikuwa amepotea katika msitu wa milima ya Usambara, na hakuwa na wa kumlaumu kwa sababu alikuja peke yake, na mwongozaji yeye ndiye aliyemkataa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mkononi alishika simu. Mtandao ulikata asubuhi, lakini programu ya kibla haihitaji mtandao, na mshale wake wa kijani ulimwambia kile kile ulichomwambia saa nzima: mbele, kidogo kushoto. Aliufuata. Alipanda, akashuka, akakata vichaka, akapita kwenye upupu uliomwachia mikono inayowaka, na mshale ukamrudisha kwenye gogo.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti. Msitu ukanyamaza kumsikiliza, naye akajuta kusema.

Safari yenyewe aliichagua binti yake, Yasmini. Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani akisikiliza malori ya saruji ya Wazo yakiunguruma barabarani, Yasmini alimtazama mama yake alivyokonda, akaingia mtandaoni. Akapata nyumba ya wageni katika mji mdogo wa Kwemhozi, huko juu milimani. Tangazo lilisema chakula ni halali, pombe hakuna, mshale wa kibla upo kila chumba, na mwanamke anayesafiri peke yake anakaribishwa bila maswali. "Nenda mama ukapumzike, wikendi moja tu. Sie tutabaki salama." Akaivalisha na simu yake kava jipya la ngozi, lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, tak, kama mlango wa friji.

Asichojua Yasmini ni kwamba mama yake alikubali upesi hivyo kwa sababu ya jina la mji.

Jabiri, mumewe marehemu, alikuwa fundi wa vitanda Keko. Wiki ya mwisho ya maradhi yake alimwita Hamisa, akamwambia afunge mlango. Akamsimulia kwamba zamani, kabla hawajaoana, alikuwa mpasuaji mbao. Yeye na rafiki yake Nurdin walipanda Kwemhozi wakapasua mbao bila kibali, wawili kwa msumeno mmoja mrefu, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo. Siku moja gogo lilibingirika. Nurdin ndiye aliyekuwa shimoni.

Jabiri alimwosha, akamkafini kwa shuka lake, akamswalia peke yake, akamzika pale pale. Kisha akashuka Dar akasema uongo. Aliogopa jela, akawaambia ndugu zake Nurdin kwamba waliachana Tanga na kwamba Nurdin alipata kazi melini. Hofu ya jela ilikwisha baada ya miaka michache, ikabaki aibu, nayo haikwisha kwa miaka thelathini na mitano. Dada yake Nurdin, Bi Zubeda, aliishi Keko hatua chache kutoka kwenye karakana. Kila Idi alipita kuuliza kama kuna habari yoyote kutoka melini. Kila Idi Jabiri alimjibu kuwa hakuna.

Kwenye msiba wa Jabiri, Bi Zubeda alikaa mkekani karibu na mfiwa. "Jabiri kenda," alisema. "Sasa mie nimuulize nani?" Hamisa, aliyekuwa anajua jibu kwa siku nne nzima, alimpa kikombe cha kahawa.

Ndiyo sababu alikuja. Alitaka alione kaburi kwa macho yake kwanza, ndipo amkabili yule mama. Na ndiyo sababu alimkataa mwongozaji, maana angemwambia anatafuta nini? Jabiri alikuwa amempa maelekezo machache: mahali tambarare juu ya kijito, kisiki kikubwa cha mti wa mkulo, na vibao viwili. "Kwenda tulikuwa tunakipa kibla mgongo," alimwambia, "na kurudi tunakielekea. Mji uko huko huko kwenye kibla. Ukikielekea hupotei."

Asubuhi alifuata njia ya miguu mpaka ikapotea ukunguni, kaburi hakuliona, ndipo akaufuata mshale ili arudi mjini. Sasa amekaa juu ya gogo lenye uyoga, anakielekea kibla, na amepotea. Na hapo ndipo woga wa kweli ulipomwingia. Hakuogopa sana kufa. Kwa miezi minne ya eda alikaribia kukizoea kifo. Aliogopa kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyejua Nurdin yuko wapi. Akifia humu, Bi Zubeda ataendelea kuulizia meli mpaka naye azikwe.

Aliinuka akaufuata mshale tena.

Baada ya hatua mia mbili hivi aliusikia msumeno. Fwaa, ukapumzika. Fwaa, ukapumzika. Haukuwa wa mashine, huo angeutambua na angefurahi. Ulikuwa msumeno wa mkono, unaopanda na kushuka bila haraka, na ulitoka upande wa kulia, ndani ya ukungu. Hamisa alikaa Keko ujana wake wote, akilala na kuamka kwa sauti za misumeno, hivyo hakuhitaji kuambiwa ni nini. Aliita, "Hodi! Jamani! Wenyewe mpo?" Msumeno ukakoma. Hakuna aliyejibu. Alipopiga hatua kuondoka, ukaanza tena.

Alikimbia. Ndilo kosa alilofanya, na angemkanya mtu mwingine yeyote asilifanye. Mguu wa kushoto uliteleza kwenye jani bovu, akaporomoka mtaro mzima kwa makalio, na tawi lililovunjika likamchana paja kwa urefu wa kiganja.

Damu ilikuwa nyingi kuliko maumivu. Alikuwa na khanga mbili begani. Moja aliikunja akaikandamiza kwenye jeraha kwa mikono yote miwili, akahesabu mpaka mia tano, kisha akaifunga kwa nguvu, fundo likae pembeni lisimsugue. Aliosha mikono kijitoni, akanywa maji kwa kuyachota pale yanapopita juu ya mawe, siyo pale yanapotuama. Kwenye mkoba mlikuwa na tende kumi na mbili, maandazi mawili yaliyolowa na chumvi kidogo kwenye karatasi, kwa ajili ya mayai ambayo aliyasahau chumbani. Alikula tende tatu. Akaswali alasiri amekaa, kuelekea mshale ulikosema.

Usiku wake usisimuliwe sana. Alijibana kwenye mapango ya mizizi ya mti mkubwa, amejifunika majani na khanga ya pili, meno yakigongana. Siafu walimpata mara moja, akawachuna gizani mmoja mmoja. Simu aliizima kutunza chaji. Na msumeno uliendelea, wakati mwingine mbali, wakati mwingine karibu kiasi cha kusikia pumzi ya msumeno unapogusa ukuni. Hamisa alisoma Ayatul Kursiyu mpaka sauti ikamkauka. Ukweli ni kwamba alihisi watu wawili pale, na mmoja wao alimjua. Aliogopa sana, na katikati ya hofu alikasirika. "Kama ni wewe, Jabiri," alinong'ona, "ulikuwa na miaka thelathini na mitano ya kuja mwenyewe."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito zaidi. Hapakuwa na jua, ila weupe ulioenea sawasawa pande zote. Paja lilikuwa limevimba na lina joto. Aliwasha simu, chaji asilimia tisa, mshale mbele kidogo kushoto. Alikata fimbo, akaanza kupanda.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Alisimama kana kwamba ameshikwa mkono. Ilikuwa harufu ya karafuu maiti, ile waliyomtia Jabiri kwenye sanda, na kwa muda Hamisa hakuwa msituni tena. Alikuwa Tegeta, mlangoni pa chumba, ndani wanaume wakimwandaa mumewe. Kisha akakumbuka ufundi wa nyumbani kwake. Mkulo hunuka hivyo. Mafundi wa Keko waliupenda kwa sababu hauliwi na mchwa, na wake zao waliuchukia kwa sababu kabati likikaa chumbani linakumbusha maiti.

Mbele yake palikuwa na mahali tambarare, na kisiki kipana kiasi cha kulaza mtu. Chini ya kisiki palikuwa na shimo refu lililojaa majani na maji meusi, kingo zake bado zimenyooka. Na hatua kumi kutoka hapo, kati ya mawe yaliyopangwa yakaota kuvu ya kijani, vilisimama vibao viwili.

Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilichongwa NURDIN kwa patasi, na chini ya jina palikuwa na mikato mitatu midogo na nusu mwezi. Hamisa aliijua alama ile. Ilikuwa chini ya kila kitanda kilichotoka kwenye karakana ya Jabiri, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Ilikuwa chini ya kitanda alichomzalia Yasmini.

Alikaa chini akalia. Alimlilia mumewe kuliko alivyomlilia msibani, na alimlilia huyu mgeni aliyelala hapa bila hata mtu mmoja kumtembelea. Alipomaliza alisoma Fatiha, akasoma na Yasini kwa moyo, akisahau hapa na pale na kurudia. Msumeno haukusikika tena. Ulikuwa umenyamaza tangu aingie pale tambarare.

Kisha, kwa tabia tu, alifungua simu aone kama marehemu kalazwa sawa. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kibao chenye jina kiko kichwani, hivyo hesabu ni rahisi. Mshale wa kijani ulionyesha miguuni kwa Nurdin.

"Hata hili!" Hamisa alipandwa na hasira mpaka akasahau paja. "Hata hili, Jabiri, ulishindwa kulifanya sawa!" Alizunguka kaburi kwenda upande wa pili ili aangalie vizuri, simu mkononi. Mshale ulizunguka naye. Sasa ulionyesha kichwani. Alirudi pale pale alipokuwa, ukarudi miguuni. Aligeuka akalipa kaburi mgongo, na mshale ukageuka kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Popote alipotazama, kibla kilikuwa mbele yake, kidogo kushoto.

Kumbe simu haikuwa inamwonyesha Makka. Ilikuwa inamfuata yeye, tangu jana, gogo hadi gogo.

Simu ilizima mkononi mwake alipokuwa bado anaitazama. Hamisa aliitia mkobani taratibu, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Sasa alibaki na kaburi tu. Kama Jabiri alimlaza Nurdin sawasawa, basi uso wa maiti ulikuwa unatazama kibla, na kwenye kibla ndipo ulipo mji. Kama alimzika kwa haraka, kwa woga, anavyozika mtu anayekimbia, basi kaburi lilitazama kokote tu, na Hamisa akilifuata ataingia ndani zaidi na mguu wake hautamrudisha. Na Jabiri alikuwa mwongo. Alimwangalia mama wa watu usoni kila Idi, akasema uongo.

Lakini alikuwa mwongo wa mdomo. Hamisa alikaa akafikiria mikono yake. Alimkumbuka alivyolibomoa kabati la Bwana Abdulrahman, limekwisha kupakwa vanishi, kwa sababu mlango ulipishana unene wa ukucha. Mteja alisema haidhuru. Jabiri alisema, "Wewe haidhuru, mie inanidhuru."

Halafu likamjia neno moja. Siku zile za mwisho, homa ilipompanda, Jabiri alirudia sentensi moja mpaka Yasmini akadhani anaweweseka. "Nilingoja jua, Hamisa. Nilingoja jua." Hamisa alimpangusa jasho akamjibu ndiyo, jua lipo. Hakuelewa. Sasa alielewa. Kuna ukungu hapa kila siku. Mtu kauawa na gogo, mwenzake yuko peke yake na maiti, anaogopa askari wa misitu, na dini inamhimiza azike upesi. Naye akakaa. Akakaa na maiti mpaka ukungu ukafunguka, aone jua linachomoza wapi, aliweke mkono wa kulia, apate kibla.

Hamisa alitandika khanga ya pili kando ya mawe. Alilala chini ubavu wa kulia, sambamba na Nurdin, kichwa usawa wa kibao chenye jina na miguu usawa wa kile kitupu, mkono wa kulia chini ya shavu. Udongo ulikuwa baridi. Alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote aliyemkaribia kwa miaka thelathini na mitano, na cha ajabu hakuogopa. Alifumbua macho. Mbele ya uso wake, kati ya miti miwili yenye magome meupe, palikuwa na uwazi.

"Bismillahi," alisema, akainuka.

Kwenda moja kwa moja ukunguni ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mguu mbovu huvuta upande. Ila Keko ilimfundisha kunyoosha mstari bila rula. Jabiri alikuwa akifumba jicho moja, akitazama misumari miwili mpaka wa tatu ukae nyuma yao. Hamisa alichana khanga kuwa vitambaa vyembamba. Alifunga kimoja kwenye mti wa kwanza mweupe, akaenda mpaka pale ambapo bado angekiona, akafunga cha pili, akasogea mbele tena, akageuka, akafumba jicho. Vitambaa viwili vikikaa kimoja nyuma ya kingine, mstari umenyooka. Visipokaa, alihama hatua moja, mbili, mpaka vikae. Kisha cha tatu.

Hivyo hivyo, mti kwa mti. Saa nzima ilimpeleka umbali wa kutoka dukani mpaka msikitini. Kila alipofunga kitambaa cha kumi alijiruhusu tende moja na kukaa akihesabu mia. Paja lilipiga kama moyo wa pili. Maji aliyapata kwenye majani mapana, akiyalamba.

Karibu na adhuhuri mstari ulifika kwenye korongo. Chini yake maji yalisikika bila kuonekana. Kushoto palikuwa na njia ya wanyama iliyozunguka kwa urahisi, imesafishika, inaita. Hamisa aliitazama kwa tamaa. Akizunguka ataupoteza mstari, na hana kaburi jingine la kumwelekeza. "Jabiri," alisema, "nakuamini mara moja tu. Usinitie aibu." Alifunga kitambaa kikubwa ukingoni, akakaa chini, akateremka kwa makalio akishika mizizi. Chini alivuka maji ya magoti yaliyomkata pumzi kwa baridi. Alipanda upande wa pili kwa tumbo, kucha zikiingia udongoni, na alipofika juu aligeuka. Ukungu ulijifungua kidogo, kitambaa kikaonekana ng'ambo, chekundu na cheupe, na kingine nyuma yake. Alifumba jicho, akahama hatua tatu kulia, akaunganisha mstari.

Nyuma yake, mbali, msumeno ulianza tena. Fwaa, ukapumzika. Hamisa hakukimbia safari hii. Alisikiliza kidogo, akauinulia mkono kama mtu anayeaga mlangoni, akaendelea.

Vitambaa vilikwisha alasiri. Alianza kuchana ushungi. Alikuwa anafunga cha pili cha ushungi alipoona miti imesimama kwa safu, yote minene sawa, nafasi sawa. Mikaratusi. Msitu haujipangi hivyo. Hii aliipanda mtu. Akasikia filimbi, akataka kuitikia na sauti haikutoka, akaipiga fimbo kwenye mti, akaipiga, akaipiga.

Aliyetokea kwanza ni Valerian, kijana wa nyumba ya wageni, amelowa mpaka kiunoni. Nyuma yake alikuja mzee Talha wa msikitini, na wanaume watatu wenye mapanga.

"Mama! Mama Yasmini! Mungu wangu, uko hai!"

"Maji," alisema Hamisa. "Na huo mguu msiuguse."

Walimnywesha kidogo kidogo. Mzee Talha alivua koti lake akamfunika. Hamisa alimwangalia yule mzee, akajaribu kumwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti iliyomvunja Hamisa akaanza kulia upya.

"Mlijuaje nimepotea? Sikumwambia mtu nakwenda wapi."

Valerian alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala. "Si kuku, mama?"

Maana Ijumaa, alipofika, Hamisa aliwasumbua kwa mambo mawili. La kwanza ni kuku. Tangazo lilisema halali, lakini yeye alitaka kumwona anachinjwa kwa macho yake. Asiguswe mpaka arudi matembezini kesho yake saa saba. La pili ni mshale wa kibla uliopigwa msumari darini chumbani. Simu yake ilionyesha dirishani, mshale ukaonyesha mlangoni, akamwambia Valerian kwamba aliyeupiga alikuwa na usingizi.

"Saa saba mzee alikuja na kisu chake," Valerian alisema. "Akasubiri. Saa nane. Saa tisa kuku bado kafungwa kwenye mguu wa meza. Mie nikasema labda mama kakutana na watu wanapiga stori. Mzee akasema hapana, yule mama hawezi kumwacha kuku wake. Tukaanza kukutafuta jana hiyo hiyo. Ila tulitafuta upande wa maporomoko, wageni wote wanaendaga huko."

"Umetokaje humo?" mzee Talha aliuliza. Alikuwa anatazama kitambaa cha ushungi mtini, na kingine nyuma yake, na kingine. "Upande ule hata sie hatuingii."

"Nilionyeshwa njia," alisema Hamisa.

Wakati wanambeba kwa machela ya miti, sauti ilipita juu ya ukungu, fwaa, fwaa. Hamisa alimshika Valerian mkono. "Unaisikia?"

"Hondohondo hao, mama. Ndege wakubwa, mabawa yao ndo yanalia hivyo."

"Usiku pia wanaruka?"

Valerian alifikiri. "Usiku wanalala," alisema, akaongeza mwendo.

Mganga wa zahanati alimshona nyuzi kumi na moja. Jioni, chumbani, Valerian alileta mchuzi wa kuku yule yule, na simu aliyoipeleka jikoni kuikausha. Aliivua kava kwa sababu ya maji, akaichaji. Hamisa aliipokea, akafungua programu ya kibla. Mshale ulitikisika, ukazunguka, ukatulia mlangoni, sawasawa na ule wa darini. Alirudisha kava. Kifuniko kikajifunga, tak, na alipokifunua mshale ulikuwa umekimbilia dirishani.

"Hii si ina sumaku, mama," Valerian alisema. "Ndo inaivuruga."

Hamisa alicheka mpaka nyuzi zikamuuma, kisha akaagiza mzee Talha, ambaye ndiye aliyeupiga mshale wa darini, aitwe, amwombe radhi kwa ule usingizi aliomsingizia. Mzee alisema yameisha, na swala alizoswali kuelekea dirishani Mwenyezi Mungu anajua alikusudia wapi.

Wiki mbili baadaye alikwenda Keko, akichechemea. Bi Zubeda alikuwa barazani anachambua mchele. Pande zote randa za mafundi zilikuwa zinalia, vumbi la mbao limetanda hewani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba wifi yangu. Umekonda. Na huo mguu?"

Hamisa alikaa karibu naye mkekani. Alikuwa amepanga maneno njia nzima kutoka Tegeta, na yote yalimpotea. Akaanza na gogo, na shimo. Akasema jina la Jabiri na uongo wake bila kuupunguza, akasema na ule wake mwenyewe, wa kikombe cha kahawa. Bi Zubeda aliendelea kuchambua mchele mpaka katikati ya maneno, kisha vidole vikasimama. Hakupiga kelele. Uso wake ulizeeka pale pale, Hamisa akiutazama, na Hamisa alitamani atukanwe, apigwe na ungo, chochote.

Mwishowe Bi Zubeda aliuliza swali moja tu, na aliuliza kwa woga.

"Alimlaza kibla?"

"Alimlaza kibla, wifi," alisema Hamisa. "Nililala ubavuni kwake, nikatazama anakotazama. Nikaenda huko huko, na ndiyo maana leo niko hapa mbele yako."

Bi Zubeda alivuta mtandio akafunika uso. Mabega yalimtikisika. Kisha mkono mmoja ulitoka chini ya mtandio, ukamtafuta Hamisa mkekani, ukamshika.

"Nipeleke," alisema.